Wigi ya Plastiki na Rangi Yake: Jua Unachoshika Kabla ya Kupokea Pesa ya Mtu

Yafuatayo ni mazungumzo ya msusi mmoja wa hapa Nakuru mbele ya vikundi vya akina mama na vijana vinavyofanya biashara ndogo ndogo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Sogeeni mbele kidogo. Nimekuja na vitu vya kuonyesha, na mtu wa nyuma hataona.

Nimeombwa nizungumze juu ya kubadilisha rangi ya wigi. Najua kuna wazee hapa wanaojiuliza, hivi kweli tumeacha shamba tuje kusikiliza habari za wigi? Wazee wangu, ubishi huo si wa leo. Mwaka 1968 kule Tanzania Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na wigi zikapigwa marufuku pamoja na sketi fupi na krimu za kuchubua ngozi. Wigi hazikuisha. Hapa kwetu Kenya, Mswada wa Fedha wa mwaka 2023 ulileta pendekezo la ushuru wa asilimia 5 juu ya wigi, ndevu bandia na kucha bandia. Watu wakapiga kelele, na kamati ya fedha ya Bunge ikapendekeza liondolewe. Sasa niwaulize, kuna serikali inayofikiria kutoza ushuru kitu kisicho na pesa?

Kwa hivyo sikuja kuamua nani avae wigi na nani asivae. Hayo kila mtu atazungumza nyumbani kwake. Nimekuja kwa sababu vikundi vyetu vimeanza kuweka mtaji katika kazi hii, na mtaji huo ni wa mkopo. Mkopo wa kikundi ni deni la kila mmoja. Msichana mmoja akiharibu wigi sita, wanaolipa ni akina mama ishirini.

Jambo lenyewe liko hivi. Bunda la mitumba likifunguliwa, wigi nyeusi na za kahawia huondoka kwanza. Zinazobaki ni za rangi ya dhahabu, nyekundu, kijivu, na nyingine rangi ambayo hata jina sina. Hizo huuzwa kwa bei ya kutupa. Msichana mwerevu anazitazama na kusema, nitanunua hizi, nizitie rangi nyeusi, niuze kwa faida. Wazo si baya. Lakini anakwenda kwa kemisti, ananunua rangi ya nywele, anaikoroga, anapaka, anasubiri nusu saa, anasuuza. Rangi yote inaondoka na maji, wigi inabaki ya dhahabu vile vile, ila sasa imevurugika. Anarudia na dawa kali zaidi. Mwishowe anatupa.

Kosa halikuwa la mikono yake. Hakujua ameshika nini.

NYWELE HIZI NI ZA NINI?

Nywele za binadamu ni protini, sawa na kucha, sawa na manyoya ya kuku. Kila unywele una magamba madogo madogo nje, kama vigae vya paa. Rangi ya dukani imetengenezwa kwa ajili hiyo. Inafungua magamba, inaingia ndani, inakaa.

Wigi nyingi tunazoshika sisi si nywele. Ni uzi wa plastiki. Mmeona pakiti za nywele za kusukia zilizoandikwa Kanekalon? Hilo ni jina la uzi uliotoka Japani, ambao kampuni ya Kaneka ilianza kuutengeneza mwaka 1957. Nyingine ni poliesta, ile ile ya nguo. Viwanda vya nywele bandia viko hata Nairobi. Katika nyuzi hizi rangi kwa kawaida huchanganywa na ile plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi. Rangi iko ndani tangu kuzaliwa, na nje hakuna magamba ya kufungua. Ndiyo maana rangi ya nywele inateleza juu kama maji juu ya sufuria yenye mafuta.

Utajuaje ni ipi? Usiamini pakiti, wala usiamini muuzaji. Toa uzi mmoja tu, upeleke nje, uushike kwa koleo, uuguse na kiberiti. Nywele ya mtu itanuka kama manyoya ya kuku yaliyochomwa, na majivu yake utayasaga kwa vidole. Plastiki itajikunja na kunywea, itanuka plastiki, na mwishoni itabaki kidonge kigumu kisichosagika. Uzi mmoja unatosha. Na kama wigi imechanganywa, jaribu nyuzi kutoka sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma.

Jaribio hili linakulinda pia sokoni. Kuna watu wanaouza plastiki kwa bei ya nywele halisi.

MAMBO MATATU YASIYOFAA

La kwanza ni Jik. Jik haiondoi rangi ya plastiki. Niwaambie wazi, na mkumbuke hili hata mkisahau mengine yote: wigi ya plastiki unaweza kuitia giza, huwezi kuitoa giza. Ya dhahabu itakuwa kahawia au nyeusi. Nyeusi haitakuwa ya dhahabu hata uiloweke wiki nzima. Mteja akikuletea nyeusi akitaka iwe nyekundu ya kung'aa, mrudishie na umwambie kwa upole.

La pili ni maji yanayochemka. Ni kweli, kuna rangi za poliesta zinazoshika kwa maji moto sana, na viwanda vya nguo vinazitumia. Lakini nyinyi wenyewe mnajua kinachotokea mkimaliza kusuka na kuchovya ncha kwenye maji moto. Uzi unabadilika umbo na kukaa hivyo. Wigi ya mawimbi ukiichemsha, mawimbi yamekwenda. Wigi ya mteja si mahali pa kujaribu.

La tatu ndilo linaloniogopesha, nalo ni ile rangi nyeusi ya unga ya pakiti ndogo. Nyingi zina dawa iitwayo parafenilinidiamini. Watu wa Pwani wanaijua kwa sababu ya piko, ile michoro myeusi ya harusi, ambayo imewatoa wasichana wengi malengelenge mikononi. Kwenye plastiki dawa hii haiingii, inabaki juu juu. Mtu akivaa, akitoka jasho, inashuka kwenye ngozi ya kichwa, kwenye paji la uso, karibu na macho. Mteja akivimba uso Jumapili, Jumatatu hakuna atakayekuja kwako.

NJIA INAYOFANYA KAZI

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Kinachoshika kwenye plastiki ni wino wa maka peni isiyofutika, ile ya kuandikia magunia na makatoni. Wino huo unayeyuka kwenye spiriti, na spiriti ikiruka, rangi inabaki imeshika uzi. Utahitaji maka tatu au nne, nusu kikombe cha spiriti ya hospitali kutoka kwa kemisti, chupa ya kupulizia, glavu, chanuo la meno mapana, beseni na magazeti ya zamani.

Kwanza osha wigi kwa maji baridi na shampuu kidogo, ianike ikauke kabisa. Uzi wenye mafuta hauchukui wino.

Pili, fungua maka, toa ule mrija wa wino ulio ndani, uukate, uuloweke kwenye spiriti kwa saa kadhaa mpaka rangi itoke. Fanya hivi nje, penye hewa, mbali na jiko na mbali na sigara. Spiriti inashika moto haraka kuliko mafuta ya taa, na watoto wasiwe karibu.

Tatu, jaribu kwanza. Chagua shungi dogo la nyuma, chini kabisa, lipake, ungoje likauke. Hapa kuna siri ndogo. Mweusi peke yake juu ya dhahabu mara nyingi unatoka na dalili ya kijani au zambarau, na mtu akisimama juani utaiona. Anza na kahawia, ikauke, halafu nyeusi nyepesi juu yake.

Nne, gawanya wigi mafungu mafungu, kama unavyogawanya kichwa cha kusuka. Pulizia kidogo, chana kutoka ncha kwenda juu, geuza, pulizia tena. Mara tatu nyepesi ni bora kuliko mara moja nzito. Usiguse kofia ya ndani, ile inayokaa kwenye ngozi. Wino huu haukutengenezwa kwa ngozi ya mtu. Na usipake wigi ikiwa kichwani, hata mteja akisema ana haraka.

Tano, iache ikauke usiku mzima mahali penye hewa, mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa. Halafu suuza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Ikikauka, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ukisugue juu yake. Kitambaa kikitoka na rangi, bado. Suuza tena. Usimkabidhi mteja wigi itakayochafua kola ya blauzi yake nyeupe.

Kuna njia ndogo zaidi ambayo mimi naipenda kuliko hiyo, kupaka mizizi tu. Unachukua maka ya kahawia iliyoiva, unapaka vidole viwili kutoka kwenye kofia, pole pole, mstari kwa mstari, bila kugusa kofia yenyewe. Wigi ya dhahabu yenye mizizi ya giza inaonekana kama nywele zilizoota. Nusu saa umemaliza. Au usipake kabisa. Fumua mistari michache ya wigi hiyo, ushonee mistari myeusi kutoka kwenye wigi nyingine iliyochakaa. Sindano na uzi havimchomi mtu kichwa.

HESABU YAKE

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano, kila mmoja aweke za soko lake. Tuseme wigi ya mtumba ni shilingi 300. Maka nne kwa shilingi 50 ni 200. Spiriti 150. Glavu na chupa 100. Jumla ni 750. Dukani wigi mpya nyeusi ya plastiki ni shilingi 1,000, kwa hivyo ya kwako utaiuza 900 na si zaidi. Umepata 150 kwa kazi ya siku nzima na usiku.

Sasa angalia mizizi. Mteja analeta wigi yake, unatumia maka moja ya 50, unamtoza 250. Umepata 200 kwa nusu saa, na hukuweka mtaji wa wigi. Halafu angalia yule aliyenunua wigi sita na kuziharibu kwa Jik. Amepoteza 1,800 bila kuuza hata moja, na mkopo bado unadaiwa.

Mnaona? Kikundi kikitaka kuingia kazi hii, kianze na mizizi, kuosha na kurekebisha. Kupaka wigi nzima kuje baadaye, mkono ukizoea.

MAMA WA SUBUKIA

Nataka niwaambie habari ya mama mmoja kutoka upande wa Subukia. Alikuwa kwenye matibabu ya saratani, na dawa zile zikamtoa nywele zote. Ndugu yake aliye ng'ambo akamletea wigi. Wigi nzuri, lakini rangi ya dhahabu kabisa. Mama wa miaka zaidi ya sitini. Akaniambia, "Mwanangu, wajukuu wananicheka, na mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo simwoni mtu ninayemjua. Nipakie iwe nyeusi, nitalipa."

Nikaichoma uzi mmoja. Plastiki. Ningeweza kuipaka. Lakini mtu aliye kwenye dawa hizo ngozi yake ni kama ya mtoto mchanga, kitu kidogo tu kinamwasha. Na kichwa hakina nywele za kukinga. Wino wangu ungekaa karibu na ngozi ile kutwa.

Nikamwambia, mama, hii tusiipake. Kuna wasichana mjini wanatafuta rangi hii hii. Tuliiuza kwa msichana mmoja, na kwa pesa hiyo mama akapata wigi fupi ya kahawia iliyoiva, na chenji ya nauli. Nikamshonea kitambaa laini cha pamba ndani ya kofia. Akaivaa, akajitazama, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa ndiyo mimi."

Siku hiyo sikutoza pesa ya rangi. Lakini tangu hapo wanawake wanne wenye shida kama yake wamenifikia kupitia kwake. Nawaambia haya kwa sababu kuna siku kazi bora ya rangi ni kukataa kupaka rangi. Anayekuja kwako hajaleta wigi peke yake. Wengine wamepoteza nywele kwa ugonjwa, wengine kwa kusukwa kwa kuvutwa mno tangu utotoni mpaka mbele kukabaki wazi. Muulize kwa sauti ya chini, si mbele ya saluni nzima.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Jambo la mwisho. Mji huu umelala kwenye mteremko, Menengai juu, ziwa chini. Maji ya mvua katika mitaro yetu yanateremka ziwani. Na Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Mto Njoro, Makalia na Nderit inaingia, hakuna unaotoka. Kinachoingia kinabaki. Ziwa hilo liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, la kwanza katika Kenya, na mwaka 2011 likaingizwa pamoja na Elementaita na Bogoria katika urithi wa dunia. Halafu sisi tumwage beseni la wino mtaroni?

Koroga kidogo, kile utakachomaliza. Kilichobaki kipanguse kwa gazeti. Maji ya kwanza ya kusuuza, yale yenye rangi, yaache kwenye beseni pana juani yakauke, na masalio yatupwe na takataka. Vipande vya nywele bandia msivichome uani. Moshi wa plastiki hiyo una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliyebebwa mgongoni. Viwekeni kwenye gunia vichukuliwe na gari la taka. Mtaro ukiziba na nywele, mvua ya Aprili inaingia nyumbani kwa mtu.

MASWALI

Kijana mmoja kutoka Kaptembwo aliuliza: Rangi ya maka inakaa muda gani?

Jibu: Inategemea jua, jasho na kuoshwa. Itafifia. Mwambie mteja mapema kwamba ni ya kurudiwa, asije akasema ulimdanganya. Mfundishe aoshe kwa maji baridi, na asiianike kwenye jua kali.

Dada anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha aliuliza: Wigi yangu imeng'aa sana, inaonekana plastiki hata kabla ya rangi. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo ni rahisi. Nyunyiza poda kidogo ya mtoto, chana, kung'uta. Mng'ao utapungua. Na ikiwa imevurugika, iloweke kwenye maji baridi yenye dawa ya kulainisha nguo, nusu saa, halafu uichane ncha kwanza.

Mama mmoja kutoka Njoro aliuliza: Nikipika nikiwa na wigi kuna hatari?

Jibu: Iko, mama. Plastiki hunywea ikipata joto hata kabla ya moto kuigusa, na ikiyeyuka inaweza kushika ngozi. Ukifungua oveni au ukiinamia jiko, mvuke ule wa mara moja unaharibu nywele za mbele. Ivue au funga kitambaa. Na iliyopakwa isikaribie moto kabisa kabla spiriti haijaisha.

Mama mwingine akauliza: Sasa kikundi chetu kina shilingi 5,000. Tununue nini kwanza?

Jibu: Msinunue wigi hata moja. Nunueni sindano nzuri, uzi, machanuo, shampuu, maka tano za kahawia na nyeusi, na kichwa kimoja cha kuwekea wigi. Pesa nyingi ibaki kwenye sanduku. Kila msichana alete kutoka nyumbani wigi moja iliyochakaa ya kujifunzia. Atakayeweza kutofautisha plastiki na nywele, akapaka mizizi bila kuchafua kofia, na akamwambia mteja wa kwanza "hii haiwezekani" bila kuona haya, huyo mpeni kazi ya wateja. Wengine waendelee kujifunza.

Vitu viko hapa mezani, njooni mguse, na kiberiti kiwe nje.